Bia ya nyumbani kwa elfu mbili? Anza na tangawizi

Ndugu yangu, umeuliza kama elfu mbili inatosha kuanza kutengeneza bia yako kwenye chumba kimoja hapo Umoja, Nairobi. Kwa bia ya shayiri, sikudanganyi, haitoshi. Kimea cha shayiri ni cha kuwindwa, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huagizwa kutoka nje. Lakini kwa tangawizi ya kuchacha, pesa hiyo inabaki, na utajifunza yale yale: usafi, hamira na presha ya chupa.

Chombo usikitafute mbali. Nunua maji ya dukani ya lita 5, umepata maji na mtungi kwa bei moja. Mtungi wa mafuta ya kupikia achana nao, ile harufu haitoki hata uuoshe na nini. Ukitumia maji ya mfereji, yachemshe au uyaache wazi usiku kucha, klorini ipungue. Vyombo vyote vipitishe kwenye Jik kidogo na maji, kisha suuza hadi harufu iishe.

Sasa chachu, na hapa usiwe na haraka. Hamira ya mkate inafanya kazi, ila inaacha ladha ya mandazi. Mimi napenda chachu ya tangawizi yenyewe. Paruza tangawizi pamoja na ganda lake, maana hamira ya asili imekaa kwenye ganda, vijiko viwili ndani ya chupa ya jemu yenye maji na vijiko viwili vya sukari. Funika kwa kitambaa. Kila siku ongeza kijiko cha tangawizi na cha sukari, koroga. Baada ya siku tano hivi utasikia inachemka kwa sauti ndogo, na povu jeupe linapanda kila ukikoroga. Wazee wa Murang'a na Kiambu wanajua jambo hili zamani: lile tunda la muratina, la kuchachushia pombe ya kienyeji, hukaushwa na kutumika tena na tena kwa sababu hamira imejificha kwenye nyuzi zake. Mwezi wa saba, Nairobi ikiwa baridi, chachu hulala. Ifunike blanketi au iweke juu ya friji.

Ikiamka, chemsha robo kilo ya tangawizi iliyoparuzwa na gramu 400 za sukari kwenye lita moja ya maji, dakika 15. Ipoe kabisa, maana moto unaua chachu. Chuja ndani ya mtungi, ongeza maji yafike lita 4, ndimu tatu na kikombe cha chachu iliyochujwa. Kizibo kilegeze. Siku moja au mbili zinatosha.

Halafu tia kwenye chupa za plastiki za soda, ukiacha nafasi juu. Za glasi hapana, hata ukizipata bure Gikomba: gesi ikizidi zinapasuka kama guruneti. Ya plastiki inakuambia yenyewe. Ibonye kila asubuhi, na ikishakuwa ngumu kama soda mpya, tia kwenye friji. Huna friji? Fungua polepole juu ya sinki, unywe siku hiyo hiyo.

Kileo kipo, ni kidogo, lakini kinapanda kadiri inavyokaa, kwa hivyo watoto usiwape.

Kuhusu woga wako wa kupofuka: ile kumi kumi, pombe haramu ya bei rahisi, iliyoua zaidi ya watu 100 Nairobi mwaka 2000 ilikuwa na methanoli, kileo chenye sumu. Sukari na tangawizi zikichacha hazikuletei balaa hilo. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake uwe kileo kikali, ndiko usikoguse kabisa. Na kuuzia majirani sahau, kwani sheria ya vileo ya 2010, ile ya aliyekuwa mbunge John Mututho, inadai leseni kwa anayetengeneza pombe na anayeuza. Isome kabla hujaanza.

Haidromita, kile kifaa cha kupimia sukari na kileo, usinunue sasa. Hela hiyo ongeza ndimu, maana tangawizi bila ukali wa ndimu ni sharubati tu yenye gesi.