Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu vidonge vya aspartame kwenye chai ya mama

Dada, umeuliza kama uendelee kumtilia mama vidonge vya aspartame, ule utamu wa kutengenezwa unaotiwa badala ya sukari, alivyotuma kaka yako kutoka Ubelgiji, maana jirani pale Nguba amekutisha kwamba vinaleta kansa. Mama yangu anaumwa sukari mwaka wa saba sasa, tunaishi Kadutu, na kikopo kama hicho hakikosekani mezani kwetu. Kilishatutia mashakani mara moja, ila si kwa njia anayoiogopa jirani yako.

Kitu chenyewe kiligunduliwa kwa bahati mwaka 1965 kule Marekani. Mkemia James Schlatter alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili ashike karatasi, akakuta utamu. Ni asidi amino mbili, yaani vipande vinavyojenga protini, za aina zilezile unazokula kwenye nyama na maharage, pamoja na methanoli, aina ya alkoholi, kidogo sana. Hiyo methanoli ndiyo watu wanaipigia kelele, kumbe juisi ya nyanya inakupa nyingi kuliko soda ya aspartame ya kipimo hichohicho.

Utamu wake unafika karibu mara 200 ya sukari. Kikopo chetu kimeandikwa kidonge kimoja kina miligramu 20. Zidisha kwa 200, unapata gramu 4, yaani kijiko cha chai cha sukari. Mama anabonyeza, tik, kidonge kinadondoka, kinatoa povu jembamba juu ya chai, kinapotea. Anakunywa huku amekunja uso kidogo, maana anasema utamu wake unachelewa kuondoka ulimini. Alizoea baada ya kama mwezi.

Sasa hiyo kansa. Mwezi wa saba 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza visababishi vya kansa waliiweka aspartame katika kundi 2B, maana yake "huenda inasababisha", kwa ushahidi mdogo. Kundi hilo linaangalia ushahidi una nguvu kiasi gani, halipimi hatari ni kubwa kiasi gani. Dondoo la jani zima la aloe vera limo humohumo, na najua watu hapa Bukavu wanaokunywa aloe vera kila asubuhi huku wakikataa vidonge! Siku hizohizo kamati nyingine, inayopima viungo vya vyakula, ilibakisha kiwango cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama yangu ana kilo 60, basi 2,400. Ni vidonge 120. Yeye anatumia vinne kwa siku, na wageni wakija anafikisha sita.

Asiyetakiwa kabisa kuitumia bila daktari ni mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao mwili unashindwa kuichakata fenilalanini, mojawapo ya zile asidi amino mbili za aspartame. Ndiyo sababu ya lile onyo la fenilalanini kwenye boksi.

Usiipike. Niliwahi kutia vidonge kwenye uji wa sosoma (unga wa mtama, soya na mahindi) ukiwa bado motoni, ukachemka nusu saa, tukanywa uji usio na ladha yoyote. Moto mrefu unaivunja. Epua kwanza, mimina kikombeni, ndipo utie.

Nije kwenye ile siku. Mama anatumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Asubuhi moja aliimeza, akaenda msibani bila kula, akarudi saa saba mchana anatetemeka, jasho linamtiririka mpaka kitambaa cha kichwani kimelowa, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Sukari ilikuwa imeshuka. Mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akakimbia kutengeneza chai, na kwa nia njema akatia vidonge vitano "iwe tamu sana". Mama akanywa yote. Dakika kumi, hakuna kitu, macho ndiyo yanazidi kuwa mazito. Jirani yetu ambaye ni nesi aliingia akauliza neno moja tu: "Mmetia sukari gani?" Nilihisi tumbo limekatika. Alikoroga vijiko vinne vya sukari ya kweli kwenye nusu glasi ya maji, kwa vile mama alikuwa bado anameza, akamnywesha polepole. Baada ya robo saa alimpima glisemi, yaani sukari ya damu, akampa tena kidogo, halafu mkate. Mama akauliza kwa nini tumejaa chumbani kwake.

Kidonge hakipandishi sukari mwilini. Ndiyo faida yake siku zote, na siku ile ndiyo lilikuwa kosa letu.

Kwa hiyo usimnyang'anye mama kikopo chake. Muulize daktari kama dawa anazotumia zinaweza kuishusha sukari sana, hasa akichoma insulini. Kama ndivyo, weka sukari ya kawaida pembeni na wote nyumbani wajue ilipo. Kwetu iko kwenye chupa iliyofungwa kitambaa chekundu, juu ya kabati, na mpwa wangu hukagua kila Jumapili kama mtu ameichota kwa ajili ya chai yake. Akizimia, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na jirani akitaka kupunguza uzito kwa vidonge hivyohivyo, mwambie Shirika la Afya Duniani lilishauri 2023 visitegemewe kwa kazi hiyo. Ushauri ule haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, kama mama zetu.