Shemeji, betri haikuwa kisingizio

Jamani, nimesoma meseji zote za kwenye kundi la familia. Shemeji kaandika: "Sisi huku Morogoro tunaendesha Noah la zamani na linawaka ukigusa tu ufunguo. Wewe uko Kanada, gari la juzi, halafu mchango wa harusi unachelewa eti betri imekufa? Sema tu hutaki kuchanga." Mkamwekea vicheko. Na binamu yetu mdogo, aliyepata chuo huku, akauliza kama ni kweli magari ya Winnipeg huchomekwa kwenye soketi usiku hata kama si magari ya umeme.

Haya, najibu yote mawili.

Friza ya kugandishia samaki huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Januari hapa Winnipeg, alfajiri ya nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya kupigiana simu. Ni Jumanne ya kawaida tu. Maana yake ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, ndani ya friza ni afadhali. Na gari limelala humo nje usiku kucha. Kiti kigumu kama ubao, usukani unauma mikono hata ukiwa na glovu, na tairi zimeganda zikawa bapa pale zilipokanyaga ardhi, kwa hiyo dakika za mwanzo gari linarukaruka kama barabara ina mawe.

Sasa chini ya boneti. Oili imekuwa nzito, injini haitaki kuzunguka, stata, ile mota ya kuizungusha injini, inadai umeme mwingi, karibu mara mbili ya kawaida. Wakati huohuo betri yenyewe imelegea, kwa sababu kemikali za ndani zinafanya kazi polepole kwenye baridi. Joto likishuka hadi sifuri tu, betri imeshapoteza kama theluthi ya nguvu zake. Likifika 18 chini ya sifuri, zaidi ya nusu imekwenda. Yaani anayedai kaongeza deni siku ileile mdaiwa alipofilisika.

Lakini shemeji, hapa usicheke mapema. Joto ndilo linaloua betri, kuliko baridi. Joto linakausha maji yake na kula mabamba ya risasi ya ndani taratibu. Huko kwenu betri inachoka na bado inawasha gari, kwa sababu injini ya Morogoro haiombi kitu kikubwa. Huku kiangazi nacho kinafika nyuzi 30 juu, betri inachakaa Julai bila mtu kujua, kisha baridi ya Desemba inaiumbua. Betri ya miaka minne au mitano huku ni mgonjwa anayesubiri siku yake. Yangu ilikuwa ya umri huo.

Gari lisipowaka, sikiliza kwanza kabla hujaita fundi, maana kila mlio una ugonjwa wake. Ukizungusha ufunguo ukasikia tik-tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, betri haina moto wa kutosha. Ukisikia "tak" moja nzito halafu kimya, huku taa zinawaka vizuri, shuku stata au waya uliolegea. Usiposikia kitu kabisa na taa hazipo, ama betri imekauka kabisa au kichwa chake, pale waya unapofungwa, kimeachia. Na injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki, basi acha betri kabisa, hiyo ni habari ya mafuta au plagi za injini. Ndiyo maana wenyeji hawaachi tangi lishuke chini ya nusu wakati wa baridi: hewa iliyo juu ya petroli inaacha unyevu, na maji yakiganda kwenye bomba la mafuta hufiki popote.

Vichwa vya betri navyo. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kupita, na watu wananunua betri mpya wakati shida ilikuwa uchafu. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza. Ila fanya Oktoba. Januari kidole kinaganda kabla spana haijakamata nati.

Kama una mita ya umeme, pima gari likiwa limelala. Volti 12.6 betri imejaa. 12.4 imeanza kupungua. Karibu na 12 haina kitu, hata kama redio inaimba. Kisha washa gari upime tena: ikisoma kama 14, alteneta, ile inayorudisha umeme kwenye betri injini ikizunguka, inachaji. Ikibaki palepale 12 na kidogo, usinunue betri, alteneta ndiyo mgonjwa.

Asubuhi ile ya kwangu mita haikuhitajika. Tik-tik-tik, taa zikazimika zote. Jirani yangu Mfilipino, na hapa Winnipeg Wafilipino ni wengi, alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo chake. Hakuuliza kitu. Akasogeza gari, akatoa nyaya kwenye buti. Kubusti, yaani kuliwasha gari lililokufa kwa umeme wa gari jingine, huku ni adabu ya ujirani. Ukimpita mtu boneti iko juu na huna hata neno, utaonekana huna utu.

Kuna utaratibu lakini, na binamu uushike. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa: ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inatosha. Acha gari zima liungurume dakika kadhaa ndipo upige stata. Na kabla ya yote hayo angalia umbo la betri. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, ila iliyoisha chaji inaweza kuganda hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukiona imevimba ubavuni au ina ufa, usiibusti. Inaweza kupasuka usoni kwako.

Sasa ule waya wa soketi aliouuliza binamu. Ni kweli, magari mengi hapa yana plagi inayoning'inia mbele, kwenye grili, na maegesho ya kazini na ya majengo ya kupanga yana vinguzo vya soketi. Hauchaji betri. Unaingia kwenye hita ndogo iliyofungwa kwenye injini, mara nyingi wati 400 na kuendelea, inayopasha maji ya kupozea injini ili chuma na oili visigande. Injini ikiwa na uvuguvugu, stata haisumbuki. Hakuna haja ya kuchomeka usiku kucha na kulipia umeme bure. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, na watu huweka taima. Wapo wanaosahau kuchomoa, wanaondoka na waya unaburuzika nyuma kama mkia. Utawaona, na hakuna anayeshangaa.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo mnaposhuku. Kima cha chini cha mshahara Manitoba, jimbo lenye Winnipeg, kilipandishwa Oktoba 2025 kikafika dola 16 kwa saa. Betri ya maana inakwenda karibu dola 200, na ukiitisha gari la huduma kabla hujajiunga na chama cha madereva, unaongeza nyingine. Toa kodi ya serikali, pango na bima ya gari, uone betri moja imekula siku ngapi za kusimama kazini. Zamu uliyokosa hailipwi. Mnasema panda basi. Napanda, ila zamu ya saa kumi na mbili asubuhi upande wa pili wa mji, Jumapili, basi halijaanza kutembea. Gari huku si la kutamba. Bila gari kazi ile hupewi. Picha niliyotuma nikiwa nimeliegemea ilipigwa Julai.

Mchango nimetuma jana, shemeji, nusu yake. Nusu nyingine mwisho wa mwezi.

Binamu, ukifika utataka gari haraka, na watakuuzia mtandaoni gari zuri kwa macho. Uliza betri ina umri gani. Mara nyingi tarehe iko kwenye kibandiko. Soma namba iliyoandikwa CCA: ni ampea ambazo betri ikiwa mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Isiwe pungufu ya ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Angalia kama ule waya wa hita upo na kama unafanya kazi, maana kuna yaliyoletwa kutoka majimbo yasiyo na baridi kali na hayana. Weka oili ambayo namba yake kwenye kopo inaanza na 0W au 5W, yaani isiyokuwa nzito kwenye baridi, kadiri kitabu kinavyosema. Mwendo wa dakika kumi kwenda dukani, hita na taa zimewashwa, hauirudishii betri ulichotumia kuwasha, kwa hiyo mara moja kwa wiki litoe barabara kuu litembee. Na ukienda kulikagua, gusa boneti kwanza. Ukikuta ni ya moto, muuzaji kashaliwasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho asubuhi, aliache lilale nje, na ufunguo utauzungusha mwenyewe.