Umepangiwa Mipango Miji? Anzia Mtaani Kwenu

Juzi binti mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepangiwa mipango miji chuo. Hivi ina ajira?" Marahaba mdogo wangu. Ya ajira tuyaweke kando kwanza, nikusimulie yangu.

Mimi ni mtoto wa Tandale, uswahilini Dar. Mwaka wa kwanza chuoni sikumwambia mtu. Nikiulizwa nakaa wapi, nasema Sinza (ni jirani tu, si uongo sana). Tulikariri mipango kabambe (ile mipango mikuu ya kuongoza ukuaji wa jiji) ya Dar es Salaam: 1949, 1968, 1979. Tukafundishwa wakoloni walivyoligawa jiji, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila upande na kiwango chake cha ujenzi. Nikapata A. Wala haikunipitia akilini kwamba huyo Mswahili wa kwenye daftari ni babu yangu.

Utafiti wa mwisho nikaufanyia kwetu, shati nimechomekea, dodoso la maswali kurasa sita. "Makazi holela" nimeyaandika karibu kila ukurasa. Mama, ambaye vitumbua vyake ndivyo vilivyonisomesha, akataka nimsomee. Aya ya pili tu akaacha kuchambua mchele.

"Holela ndiyo sisi? Baba yako alinunua hapa kwa maandishi, mjumbe akashuhudia, mipaka tukapanda minyaa. Holela iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake msimamizi akanirudishia kazi mbele ya wenzangu: "Haina jipya." Alikuwa sahihi, lakini mbele ya watu? Mpaka leo inaniuma.

Nikaanza upya bila dodoso. Wiki tatu nilishinda kwenye bomba la jirani nikihesabu madumu. Nikapiga hesabu ya lita: anayeletewa maji kwa mkokoteni alikuwa akilipa mara kadhaa ya bei ya mwenye bomba ndani kule Masaki kwa wenye nazo. Bibi mmoja karibu na Mto Ng'ombe akanionyesha ukutani kwake mistari ya mafuriko, mmoja juu ya mwingine kama mtoto anayepimwa urefu. Wa Desemba 2011 ulikuwa juu ya kitasa cha mlango. Dodoso langu halikuwa na kisanduku cha mstari huo.

Ya katikati nayaruka. Nilifaulu, na vizuri.

Kwa hiyo mdogo wangu, tembea. Shuka mwendokasi Magomeni, ingia ndani kwa miguu. Ukifika mtaa wa watu, anza kwa mjumbe. Kompyuta na ramani utajifunza, ila tembea. Na ninyi mnaojificha mnakotoka, acheni! Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar, na wengi wamejenga pasipopimwa. Ukishawaita wote holela, huo mji unampangia nani?

Ajira ipo, kwa wachache. Mimi ilinichukua miaka miwili.

Nakala ile ya kwanza aliichukua mama. Ilifungia vitumbua mpaka kurasa zikaisha.