Hasemi, ila hachoki kumimina maji

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minane. Maneno yake ni matatu tu: "mama", "maa" akitaka maji, na "ba" akitaka mpira. Nikimwita yuko nyuma, mara anageuka, mara hageuki. Akitaka kitu hunishika mkono akanipeleka. Kutwa yuko kwenye ndoo, anamimina maji na kuyachota tena. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa. Jirani anataka akatwe kimeo. Kila siku namwambia "sema maji, sema kikombe", anageuza uso. Nakosea wapi?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Kimeo kiacheni. Hakina uhusiano na kuanza kusema, na kukikata huleta kuvuja damu na maambukizi. Kuhusu watoto wa kiume, tofauti yao na wa kike ni ndogo mno kueleza maneno matatu katika umri huu. Mtoto wa miaka 2 tunatarajia aunganishe maneno mawili, kama "mama njoo". Wa kwako kachelewa kweli, usingoje afike 3.

Anza na masikio. Mtoto anayeitika leo na kesho asiitike huenda ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mzazi hawezi kuyaona. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo apimwe usikivu. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Anaweza kugeuka kwa kuhisi upepo au kuona kivuli. Nenda na kadi ya kliniki na orodha ya maneno yake pamoja na ishara zake. Huko kukushika mkono na kukupeleka ni kuzungumza nawe. Kuandike.

Sasa turudi kwenye ndoo. Wengi humwondoa mtoto kwenye kitu anachokipenda ili wamfundishe, kisha wanashangaa hafundishiki. Neno humwingia mtoto akiwa anatazama kile linachokitaja, na mwanao tayari anayatazama maji. "Sema, sema" ni mtihani, na yeye jibu hana. Ndiyo maana anageuza uso.

Kwa siku tatu usimfundishe chochote. Mwangalie na uandike: anafanya nini mwenyewe, kwa muda gani, na ni wakati gani anainua macho kukutazama. Baada ya hapo chagua wakati mmoja wa siku, tuseme kuoga jioni. Beseni, maji ya kina cha vidole vinne, vikombe viwili. (Hata maji hayo humzamisha mtoto, usiondoke hata kufuata taulo.) Kaa chini mbele yake, uso wako usawa na wake. Akimimina, sema neno moja: "mimina". Akimimina tena, lirudie. Mara ya nne mimina wewe, kisha ya tano inua kikombe usikimimine. Mtazame, nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Akikutazama, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote, mimina papo hapo huku ukisema "mimina!" Usimdai alitamke sawasawa. Akisema "maa", mrudishie kwa kuongeza neno moja tu: "maji mengi". Dakika 5 hadi 10 zatosha, mara mbili kwa siku.

Kinachoharibika zaidi ni ile hesabu ya 10. Ni ndefu kuliko unavyodhani, na wengi huvunja kimya kwenye 3. Kosa jingine ni kuigeuza ndoo kuwa hongo, "sema kwanza ndipo upate". Hapo mtoto hulia na kitu chake kizuri kinageuka ugomvi. Mkubwa wake naye, kama humsemea kila kitu, mpe kazi ya kushika kikombe na kungoja. Televisheni na simu zizimwe wakati huo.

"Mimina" ikimkaa, ihamishe: kwenye mchele unapoupima, kwenye mchicha unapoumwagilia. Neno linalojulikana bafuni tu bado halijawa lake. Na akipoteza hata moja kati ya maneno aliyonayo, usingoje miadi; rudi hospitali wiki hiyohiyo.

SWALI: Ripoti ya binti yangu wa miaka 4 imejaa "hawezi" kuanzia juu hadi chini. Niipeleke hivyo chekechea?
Baba, Machakos

JIBU: Ipeleke, usiifiche, udhaifu uliofichwa hauandaliwi msaada. Ila iambatanishe na ukurasa wako mmoja. Usiandike "ni mchangamfu, ana bidii", kwani mwalimu hana la kufanya na maneno hayo. Andika: "Hupanga vifuniko kwa dakika 15 bila kuchoka. Maagizo mawili kwa pamoja humpotea. Moja moja, akionyeshwa kwa mkono, huyafuata. Akiziba masikio, kelele zimemzidi. Mtoe nje kidogo." Mwalimu akisoma hivyo anajua ampe kazi gani asubuhi ya kwanza, na amkalishe wapi.

Kama hajafika EARC, yaani kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, cha kaunti ndogo yenu, mpeleke. Ndicho hupima watoto na kushauri kuhusu shule. Ukurasa wako uwe na tarehe juu, na kila mwisho wa muhula kaeni na mwalimu mfute yaliyopitwa na wakati.