Kutoka thieta hadi darasani
Dada, umeuliza kama muuguzi wa thieta (chumba cha upasuaji) anaweza kuwa mhadhiri na mtafiti. Anaweza, na aliyesota thieta kwanza hufundisha vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Kama una diploma, tafuta shahada ya uuguzi, kisha uzamili. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, zote zipo. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache iishe.

Utafiti nao si lazima maabara. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), vipengele 19 tu vya kuhakikiwa wakati wa upasuaji, ilijaribiwa hospitali 8 duniani, mojawapo Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Matokeo ya 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Na anayeisoma kwa sauti mara nyingi ni muuguzi! Wewe anza kwa kuchunguza vidonda vya upasuaji vinavyopata maambukizi wodini kwako.