Raiden: Usiifukuze Alama ya Silaha

Kwa muda mrefu nilikuwa nafia palepale kwenye Raiden, gemu la ndege ya vita inayopiga risasi, hatua ya tatu, na nilikuwa nimeshajipa jibu kwamba mikono yangu ni mizito. Siku moja nikaamua kutoangalia risasi iliyoniua, bali nilichokuwa nikifanya sekunde chache kabla. Nikagundua kwamba karibu kila mara nilikuwa nimeacha mahali salama ili nikaokote kitu.

Ndiyo maana nauandika ushauri huu. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu gemu hili huanza na swali la silaha ipi ni kali zaidi. Ni swali zuri, ila linakuja mapema. Kwanza ujue silaha inavyokufikia na unalipa nini kuipata.

Kwa asiyelijua, Raiden ilitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Seibu Kaihatsu mwaka 1990. Ndege yako imeelekea juu, ardhi inateremka chini yako, na una vitufe viwili tu: cha kufyatua na cha bomu. Kuna silaha kuu mbili. Unazipata kwa kuokota alama, yaani vijipicha vya rangi: nyekundu inakupa Vulcan, risasi zinazotawanyika kama feni kadiri unavyoiongezea nguvu. Ya buluu inakupa leza, mwale mwembamba ulionyooka na wenye pigo zito. Alama hizo huelea kwenye skrini zikibadilika rangi, nyekundu, buluu, kisha nyekundu tena. Ukifa, nguvu uliyokusanya inapotea na unaanza upya na vijirisasi vya mwanzo.

Mtego uko hapo. Alama inaelea juu karibu na vifaru, ni ya buluu, wewe unataka nyekundu. Unaisogelea ukidhani itageuka utakapofika. Haigeuki. Unaizunguka, unaisubiri, macho yako yote yako kwenye rangi, na kifaru kilichoingia pembeni kinakufyatulia risasi moja tu. Nimekufa hivyo mara nyingi kuliko nilivyouawa na mabosi wote, wale maadui wakubwa wa mwisho wa hatua, kwa pamoja.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: alama nisiyoweza kuifikia bila kuacha njia yangu, si yangu. Nasafisha kwanza maadui walioko kwenye skrini, halafu naiacha alama ije. Mara nyingi inakuja, kwa sababu inaelea huku na huko kwa muda kabla ya kuondoka. Ikiondoka, basi. Heri Vulcan ya kiwango cha kati mikononi mwa ndege iliyo hai.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Mimi ni mtu wa Vulcan, na sababu yangu haihusu ukali wa risasi. Ndege ya Raiden ni nzito, na katika gemu hili hakuna alama ya kuongeza mwendo kama zilivyo gemu nyingine za aina yake. Kasi uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Leza inakutaka ukae mbele ya adui unayempiga. Akiwa kushoto, uende kushoto. Mwingine akitokea kulia, uvuke skrini nzima kwa ndege isiyo na haraka. Tena ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, risasi yake inakufikia kwa njia fupi kabisa. Vulcan inakuruhusu kuua wa pembeni ukiwa katikati, ukisogea kidogo tu.

Wapenzi wa leza wananiambia Vulcan haina nguvu kwa mabosi. Hilo ni kweli ukiwa chini kabisa ya skrini, kwa sababu feni inapofunguka risasi nyingi zinampita bosi kushoto na kulia. Sogea juu. Ukiwa karibu naye, risasi bado hazijatawanyika na karibu zote zinampata. Kusogea juu kunatisha, ila kunalipa: bosi anakufa mapema, na muda anaokurushia risasi unapungua. Nasogea anapomaliza mkupuo mmoja wa risasi, napiga, narudi chini kabla hajaanza mwingine.

Makombora nayapanga kujaza upungufu wa silaha kuu. Kuna yenye herufi M, yanayokwenda moja kwa moja mbele na kupiga kwa nguvu, na yenye H, yanayomfuata adui yenyewe. Mwenye Vulcan achukue M, apate uzito wa mbele. Mwenye leza achukue H, yamlindie mbavu.

Bomu linahitaji maneno zaidi, maana wengi wanalitumia kama ngao. Wanasubiri hadi risasi iko puani ndipo wabonyeze. Kwenye Raiden bomu huruka kwanza, halafu ndipo linalipuka. Hicho kipindi kidogo kati ya kubonyeza na mlipuko kinatosha kabisa kukuua, na nimeshawahi kuona mlipuko wangu ukichanua vizuri huku ndege yangu tayari ni vipande. Kwa hiyo bomu ni la kupanga. Ukishajua mahali ambapo vifaru huingia kutoka pande mbili kwa pamoja, litupe wanapoingia, kabla hawajafyatua. Bomu unalokufa nalo mfukoni halikukusaidia chochote.

Kuhusu kukwepa nitasema jambo moja tu. Risasi nyingi za maadui hapa zinalengwa mahali ulipo wakati zinapofyatuliwa, na zina kasi. Hivyo usikimbie ovyo. Sogea kidogokidogo upande mmoja, risasi zipite nyuma yako, na kabla hujafika ukingoni tafuta mwanya urudi upande wa pili. Anayeruka huku na huku anajisambazia risasi kila pembe ya skrini, kisha anakosa pa kwenda.

Ukihamia Raiden II ya mwaka 1993, utakutana na rangi ya tatu, zambarau, yenye mwale unaojipinda na kumng'ang'ania adui. Ni silaha inayopendeza mno kuitazama, na ndiyo hatari yake, maana macho yanaufuata mwale badala ya risasi zinazokuja. Isitoshe, rangi zikiwa tatu, kusubiri ile unayoitaka kunakuwa kurefu zaidi. Mimi nikiwa kule bado nabaki na nyekundu.

Somo hili la kwamba silaha ina gharama ningeweza kulipata zamani, nilipokuwa nikicheza Galaga, gemu la Namco la mwaka 1981. Pale unaweza kumwachia adui aiteke ndege yako, kisha ukaikomboa na kupigana na ndege mbili zilizoungana. Risasi zinakuwa maradufu, lakini na mwili wa kupigwa unakuwa mpana maradufu. Nilikuwa nikiona risasi tu.

Ukitaka kujizoeza, cheza raundi kadhaa ukiwa umechagua rangi moja kabla hujaanza, na usiendelee baada ya kuishiwa ndege, rudi mwanzo. Kuendelea pale ulipofia kunakupeleka mbele ukiwa na silaha dhaifu dhidi ya maadui waliotengenezwa kupigwa na silaha kali, na hujifunzi chochote zaidi ya kufa. Raundi moja itumie kuhesabu alama ulizozifukuza. Yangu ya kwanza zilikuwa kumi na moja.

Hatua ya tatu niliivuka siku niliyoziacha alama mbili za buluu zipotee, nikiwa na Vulcan isiyofika hata kiwango cha juu, na bomu moja nililolitupa mapema kwenye skrini iliyokuwa bado tupu.