Maswali yenu: Pengwini na barafu inayowaponyoka

"Shikamoo. Kwa nini dubu mweupe hamli pengwini?" (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Hajawahi kukutana naye. Dubu yuko Aktiki, kaskazini. Antaktika iko upande wa pili, kusini. Wanaowakutanisha ni wachora katuni.

"Huko kukipata joto, si nafuu kwa hao ndege?" (Msomaji, Tanga)

Hujakosea kabisa. Pengwini aina ya gentoo, asiyependa barafu nyingi, anazidi kusogea kusini. Wenzake ndio wanaoumia.

Pengwini emperor huzaliana juu ya bahari iliyoganda. Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kuliatamia siku 65 hivi, gizani, bila kutia kitu tumboni. Kifaranga naye hukaa miezi kadhaa na manyoya mepesi yanayolowa. Ya kuogelea hukamilika Desemba au Januari. Barafu ikimeguka kabla ya hapo, atazama au baridi itamuua. Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, makundi manne kati ya matano yalipoteza vifaranga vyote.

Pengwini aina ya Adélie hutaga kwenye mawe, lakini naye hana pa kukimbilia. Hewa ikipata joto hubeba unyevu zaidi, theluji inaongezeka, na ikiyeyuka mayai yanabaki yameloa majini. Karibu na kituo cha Palmer cha Marekani, kwenye Rasi ya Antaktika, miaka ya 1970 walikuwa jozi 15,000 hivi; wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ongeza na njaa. Chakula chao kikuu ni krili, jamii ya kamba. Watu wa Tanga mngewaita uduvi walionenepa. Krili wachanga hula mwani unaoota chini ya barafu ya bahari wakati wa baridi. Barafu ikikosekana, na malisho yao yamekwenda.

"Nani anakwenda kuwahesabu kwenye baridi ile?" (Msomaji, Kisumu)

Emperor huhesabiwa kwa mavi yao. Sitanii. Kinyesi huacha madoa ya kahawia juu ya barafu nyeupe, na satelaiti huyaona. Wanasayansi wa Uingereza walitumia njia hiyo kugundua makundi yasiyojulikana. Kwa Adélie, watafiti wa Palmer hupanda mashua za mpira hadi visiwani na kuhesabu viota kwa macho.

"Mtafiti akiugua huko anapelekwa wapi?" (Msomaji, Mombasa)

Majira ya baridi, pengine hakuna pa kumpeleka. Aprili 1961, Leonid Rogozov, daktari pekee wa kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, alishikwa na kidole tumbo. Akajipasua mwenyewe, wenzake wakimshikia kioo. Baada ya wiki mbili hivi alikuwa amerudi kazini.